Kimetoka kwa Nani?

Nilikishusha kiti kutoka kwenye buti la teksi pale Dagoretti Corner, penye mabanda ya mafundi, nikakisimamisha juu ya maranda na kungoja fundi asifu mgongo wake uliochongwa. Hakuutazama hata kidogo. Alikishika miguu miwili, akakipindua, akakilaza kichwa chini juu ya meza yake ya kazi. Akainama. Alipitisha kidole gumba kwenye viungo kimoja kimoja, akakwaruza kidogo kwa ncha ya patasi, akanusa.

"Mama, hiki kiti kimepita mikono mitatu," akasema.

Miguu ya mbele, alinionyesha, imechomekwa ulimi ndani ya tundu, na kila kiungo kimefungwa kwa kijiti cha mti kilichogongwa mpaka kikazama. Hakuna msumari. Miguu ya nyuma ina misumari, tena kuna gundi nyeupe iliyovuja pembeni ikakauka. Ya mbele ni mvule, ya nyuma ni saiprasi iliyopakwa rangi ili ifanane. Kisha kuna ubao mmoja wa kushikilia kikalio, ulioongezwa na mtu wa tatu aliyekuwa na haraka. Mvule ukipasuliwa leo huwa wa manjano, akaeleza, hewa na mwanga ndivyo vinavyougeuza kahawia. Ndiyo maana chini ya kikalio, mahali ambapo jua halikufika wala mkono haukupasugua, mti ulikuwa bado na umanjano wa mbali. Na hapo hapo, karibu na pembe, palikuwa na tarakimu mbili za penseli: 14.

Nimeishi na kiti kile miaka mingi, na sikuwahi kuziona.

Babu yangu alikuwa mpishi. Alitoka Wundanyi, Taita, akiwa kijana, akawapikia walowezi wa Karen hadi mwaka wa uhuru. Mwajiri wake wa mwisho alipofunga virago kurudi Uingereza, alimwachia kiti hiki pamoja na sufuria mbili. Hivyo ndivyo tunavyosimulia nyumbani. Lakini siku ile, nimesimama kwenye maranda, nilijiuliza ni nani hasa aliyenisimulia, nikakosa jibu. Babu hakunisimulia, kwani alifariki nikiwa na miaka minne. Huenda ni baba. Huenda ni shangazi. Huenda ni mimi niliyeiunganisha mwenyewe kutoka vipande nilivyovisikia nikiwa chini ya meza wakubwa wakizungumza.

Mwezi mmoja kabla, mtu anayenunua samani za kale alifika nyumbani kwangu. Alikizunguka kiti mara mbili, kisha akauliza, "Una karatasi yoyote?" Alimaanisha barua ya yule mlowezi, risiti, au picha ya ile nyumba ya Karen kiti kikionekana ndani. Sina. Akataja bei ya kiti kikuukuu. Nilipomsimulia habari za babu alinisikiliza kwa adabu, akasema kwamba kama ningekuwa na karatasi angenilipa mara tano. Nilikasirika. Kiti ni kilekile, miguu ni ileile, na neno langu si uongo. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipoanza kumwelewa. Mbao angeweza kuzipata popote. Alichokuwa tayari kukilipia ni safari ya kiti, kutoka mkono wa kwanza hadi wangu, na safari hiyo nilikuwa naidai bila kuwa na shahidi wa hatua hata moja.

Nilimuuliza fundi kama wateja wake huwa wanapindua samani kabla ya kununua. Akatikisa kichwa. Wanauliza jambo moja tu: hii ni mahogani? Na kando ya Barabara ya Ngong jibu ni ndiyo, tena ya Kongo. Vitanda vimepangwa ukingoni mwa barabara, vanishi yake nyekundu inang'aa mpaka unaona kivuli cha matatu kikipita juu ya ubao wa kichwani. Sitaki kusema kwamba wauzaji ni waongo, maana nimeongea nao na najua jambo linavyokwenda. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, watu wa mbao walilazimika kutazama zaidi nje ya mipaka, Tanzania, Uganda na Kongo. Lori likishusha mzigo, mbao hazina alama ya msitu zilikokatwa. Mwenye yadi analichukua neno la dereva, fundi analichukua neno la mwenye yadi, mteja analichukua neno la fundi. Kila mmoja amepokea neno na kulipitisha kwa nia njema, na mwisho wake mtu analala maisha yake yote juu ya mti asioujua. Mahogani imekuwa jina la rangi.

Wataalamu wa makumbusho na wa minada ya sanaa wana neno lao la kuitaja safari hiyo ya kitu kutoka mkono hadi mkono. Sisi tuna swali. Mzee akikutana na kijana njiani haulizi jina lake kwanza, anauliza: wewe mtoto wa nani? Jina mtu anaweza kujipa. Ukisema wewe ni mtoto wa fulani, unampa mzee kitu anachoweza kwenda kukiuliza kwingine, naye fulani akikukana, umekwisha.

Waislamu wamelifanya swali hilo kuwa elimu kamili. Hadithi ya Mtume haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake. Huja na isnadi: fulani amepokea kwa fulani, naye amepokea kwa fulani, mpaka kwa aliyesikia kwa masikio yake. Na wanazuoni walipepeta maisha ya kila aliyetajwa. Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Aliishi zama moja na huyo anayedai kumsikia, na je, walikutana? Pete moja ikikatika, mnyororo mzima unatiliwa shaka, hata kama maneno yenyewe yanapendeza na kila mtu angetamani yawe kweli. Hata mashairi yetu yamefika kwa njia ya namna hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840. Tunao utungo wake kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya aliyoyapata katika vinywa vya watu, akamkabidhi mmishonari W. E. Taylor pamoja na maelezo. Bila Mwalimu Sikujua tungekuwa na beti tamu zisizo na baba.

Jina la mahali nilipokuwa nimesimama lina kisa chake. Nimesikia zaidi ya mara moja, matatuni na kwenye baraza za chai, kwamba Dagoretti ni Kiingereza kilichopinda ulimini mwa wazee wetu: Wazungu walipaita "The Great Corner", kona kubwa, nasi tukapasema tulivyoweza. Kisa hicho kinaaminika upesi kwa sababu kina ndugu wa kweli. Kariokor, upande wa pili wa jiji, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Mtu akishajua hilo, hashangai kuambiwa na la Dagoretti.

Tatizo ni tarehe. Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiwa ofisa wa kampuni ya Imperial British East Africa, alijenga ngome katika nchi ya Wakikuyu upande huu baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga, na ngome hiyo ikaitwa Dagoretti. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Yaani jina lilikwisha kuandikwa wakati hapakuwa na jiji, wala barabara, wala kona. Kisa cha kona kubwa kinaanguka chenyewe, na sina haja ya kujua maana halisi ya Dagoretti ili niseme kwamba hiyo siyo.

Nikafurahi kwa ushindi huo mdogo wa karatasi, kisha furaha ikanikauka nilipomkumbuka Waiyaki mwenyewe. Ngome ile haikudumu, iliachwa na kuteketezwa mwaka uliofuata. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa katika ngome nyingine ya kampuni, Fort Smith, akapelekwa kuelekea Pwani, akafia Kibwezi. Maandishi ya kampuni yanasema alikufa kwa jeraha la kichwa alilolipata siku ya kukamatwa. Masimulizi ya Wakikuyu yanasema alizikwa akiwa hai, kichwa chini. Nani aliyeandika yale maandishi? Ni watu waliokuwa na mfungwa mikononi mwao, wakiwaandikia wakubwa wao. Na nani aliyeyapitisha yale masimulizi? Ni watu ambao kiongozi wao aliondoka na hakurudi. Siwezi kuamua mgogoro huo nikiwa kwenye banda la fundi. Nilichojifunza ni kutoinamia karatasi kwa sababu tu ni karatasi. Ile ya mwaka 1890 naiamini juu ya jina kwa kuwa mwandishi hakuwa na faida yoyote ya kulizua. Ile ya 1892 naisoma huku nikimtazama mwandishi machoni.

Kinachoniuma kuliko yote hayo kiko Pwani.

Kwa Wagiriama, mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu akifariki, baadaye husimamishiwa kigango: mti mgumu uliochongwa, wenye kichwa na nakshi za pembetatu mwilini, unaomshikia marehemu nafasi yake kati ya walio hai. Kigango hakichongwi ili mgeni akitazame. Wala hakihamishwi. Boma likihama, kigango hubaki pale kiliposimikwa, na mvua na mchwa vikikimaliza, kimekwisha kazi yake. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Aliporudi kumpelekea nakala ya picha, mzee alimwambia vigango vimeibwa, akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Vilikuwa vimekwenda mbali. Kimoja kilikuja kutambuliwa katika mkusanyo wa makumbusho huko Illinois, kingine katika makumbusho ya Hampton University, Virginia, Udvardy akisaidiana na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Vilirudi, kimoja mwaka 2006 na kingine mwaka 2007. Mzee hakuishi kuviona vikirudi.

Hebu tazama ni nini kilichovirudisha. Wala si uzee wa mti au ustadi wa mchongaji, wala hakuna mtaalamu aliyepima kitu kwenye maabara. Ni picha moja ya mwaka 1985, yenye uso wa mtu, jina la mtu, na vigango viwili vikiwa bado vimesimama ardhini kwao. Picha ile ndiyo iliyokuwa isnadi yao.

Sasa watazame waliokosa picha. Jumba la makumbusho la sayansi na viumbe huko Denver lilikuwa na vigango 30, lilivyopewa na wapenda sanaa waliovinunua kwa haki machoni pao. Mwaka 2014 jumba hilo likakubali kuvitoa, jambo la heshima, lakini hakuna aliyeweza kusema ni vya nani. Ni kaka wa nani huyu? Alisimamishwa katika boma lipi, upande gani wa Kilifi? Ilipofika mwaka 2019 vilitua Nairobi, vikakwama uwanja wa ndege kwa suala la ushuru. Ushuru ulikuwa tatizo la karatasi, na tatizo la karatasi lina dawa. Lile jingine halina. Havikuweza kupelekwa kwa wenyewe, vikakabidhiwa taifa, na taifa, kwa mapenzi yake yote, si ndugu wa marehemu.

Nimewaza sana jinsi kitu kinavyofikia hali hiyo. Kijana anang'oa kigango usiku na kumuuzia mtu mwenye gari. Mwenye gari anakipeleka dukani, duka linatoa risiti. Msafirishaji anajaza fomu. Mnunuzi ng'ambo anapata cheti, halafu anakitoa zawadi na kupata barua ya shukrani, na makumbusho yanakipa nambari na kadi. Angalia karatasi zinavyoongezeka! Ukizipanga mezani utadhani hakuna kitu chenye historia nzuri kuliko hiki. Lakini karatasi ya kwanza kabisa ni ya duka, na duka halikuuliza. Jina la marehemu, ambalo ndilo sababu ya mti ule kuchongwa, liliachwa kwenye shimo pale ulipong'olewa. Kigango kilichobaki bila jina kwa kawaida kimenyang'anywa jina hilo, na mwizi ndiye aliyetaka lipotee. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na washirika wake wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika majumba ya ng'ambo. Kila nikiikumbuka idadi hiyo najiuliza ni vingapi vina picha ya mzee kando yake.

Kwenye mitaa inayoizunguka Dagoretti Corner, Riruta, Kawangware, Ngando, watu wanalijua jambo hili kwa sura ya ardhi. Utaona ukuta umeandikwa kwa rangi kubwa: ploti hii haiuzwi. Mwenye nyumba amelazimika kuandika hivyo kwa kuwa anajua mtu anaweza kuiuza akiwa kazini, tena kwa hati yenye muhuri na nembo. Kwa muda mrefu wengi wetu tuliamini hati ndiyo mwisho wa maneno. Mahakama ya Rufani ikiketi Nyeri mwaka 2013 ilikataa: mzizi wa hati ukishatiliwa shaka, haitoshi mtu kuipunga hati yake, aende nyuma yake aonyeshe aliipataje. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilishika njia iyo hiyo katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa. Kiwanja cha ufuoni Nyali kiligawiwa mwaka 1989 kwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais, kikauzwa na kuuzwa tena mpaka kikafika kwa kampuni hiyo. Mahakama ikasema kilikuwa ardhi ya umma na ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo hati zote zilizofuata hazikuwa na pa kusimama, hata kama mnunuzi wa mwisho alilipa fedha zake. Neno walilolitumia majaji na mawakili ni la mti: mzizi. Lori la mbao, kigango na kiwanja cha Nyali vyote vinarudi pale pale, kwenye mkono wa kwanza.

Mbele kidogo ya mabanda, kando ya Barabara ya Ngong, ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Ndani ya ua wake kuna kituo cha kupimia, nambari 63741 katika orodha ya dunia, na mvua ya siku husomwa saa tatu asubuhi. Nimekuwa nikikiwaza kituo kile tangu siku ya kiti. Mtu akiandika 14 kwenye daftari lile, akaonyesha siku, saa, chombo na mahali, basi milimita hizo 14 zitabaki kuwa mvua hata miaka mia ijayo, na mkulima au mhandisi ambaye bado hajazaliwa atazitegemea. Ile 14 ya chini ya kiti changu iliandikwa na mkono ulioijua maana yake kabisa. Haina siku wala mahali. Ni tarakimu tu.

Nilimpigia shangazi simu nikiwa bado bandani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huko Nairobi kwema?"

Nikamwambia niko na kile kiti cha babu.

"Kipi, kile baba yako alichokivunja?"

Baba hakuwahi kulitaja hilo. Shangazi akanieleza kwamba ilikuwa miaka miwili baada ya uhuru. Baba, kijana mwenye miguu mirefu, alizoea kukiegemeza nyuma kwa miguu miwili mpaka jioni moja ikakatika yote. Babu alimwita fundi kutoka Mwatate akaweka mingine, ya saiprasi, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana.

"Uliona kwa macho yako?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye niliyeshika taa."

Na habari ya Karen, ya mlowezi na sufuria mbili? Akanyamaza kidogo. Hilo, akasema, amelisikia kama nilivyolisikia mimi. Analolijua yeye ni kwamba kiti kilishuka kwenye treni Voi, kimefungwa kamba ya katani, na babu hakukubali mtu mwingine akibebe. Kuhusu 14 hakujua lolote.

Nilipokata simu nilihisi nina kiti cha kwanza maishani mwangu. Nimepoteza Karen, au walau nimeirudisha mahali pake, kwenye yale tuliyoyasikia. Nimepata treni ya Voi, fundi wa Mwatate na taa ya shangazi. Ile miguu ya saiprasi, ambayo saa moja kabla niliiona kama doa la kufichwa, sasa nisingekubali iondolewe.

Fundi akaniuliza basi atengeneze nini. Nikamwambia ule ubao wa mtu mwenye haraka, huo tu. Akapekua nyuma ya banda, akarudi na kipande cha mvule cha kahawia nzito, chenye tundu la bawaba upande mmoja.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Mlango. Nyumba ya zamani iliyobomolewa Riruta."

"Nani amekwambia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anamjua mama yake. "Niliung'oa mimi mwenyewe, mama."

Akafanya kazi mpaka jua likapinda. Alipomaliza akachovya brashi kwenye kopo la vanishi, akakipindua kiti tena, akauliza kama apake na chini.

"Chini usipake," nikasema. "Andika."

Akachomoa penseli sikioni.